Mwanafunzi Mkimbizi Akifaulu, Jamii Inapata Nini?



Kila mara suala la kumsomesha kijana mkimbizi linapoletwa mbele ya kamati, swali moja halikosi kuulizwa: tukimlipia karo akafaulu, ataondoka aende zake, sasa jamii itapata nini? Ni swali la haki. Sadaka ya Jumapili ni jasho la waumini, na aliyekabidhiwa kuitunza ana wajibu wa kuuliza inakwenda wapi.

Katika makala haya tunajaribu kulijibu swali hilo kwa kufuata njia anayopita mwanafunzi mkimbizi kutoka kambi ya Kakuma, katika Kaunti ya Turkana nchini Kenya, hadi chuo kikuu. Tutaona mahali anapokwama, waliofaulu wamefanya nini, na kamati ya parokia inaweza kushika wapi. Jibu letu kwa kifupi ni hili: kwa wengi wa vijana hawa, kuitumikia jamii hakukuanza baada ya kufaulu. Kulianza kabla, wakiwa bado kambini na bila chochote mkononi. Kamati inayolielewa jambo hili itachagua vizuri zaidi wa kumsaidia, na itamsaidia kwa namna iliyo bora zaidi.

HALI ILIVYO

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, baada ya maelfu ya watoto na vijana kutoka Sudan kuingia Kenya wakikimbia vita. Wengi walikuwa wavulana waliotembea safari ndefu bila wazazi, kwanza hadi Ethiopia na baadaye hadi Kenya. Leo wanaishi hapo watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na nchi nyingine. Jirani yake ni makazi ya Kalobeyei, yaliyoanzishwa katikati ya miaka ya 2010 kwa nia ya wakimbizi na wenyeji Waturkana kutumia pamoja shule, zahanati na masoko.

Shule za huko hufuata mtaala wa Kenya. Mtoto aliyezaliwa Bujumbura, Juba au Mogadishu hufanya mtihani uleule anaofanya mtoto wa Kitale au Machakos. Tofauti iko katika mazingira. Darasa lenye wanafunzi zaidi ya 100 si jambo geni Kakuma. Kitabu kimoja hushirikiwa na wengi, na jua la Turkana halina huruma kwa anayesomea chini ya bati.

Mwaka 2019 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilieleza kwamba ni vijana 3 tu kati ya kila vijana wakimbizi 100 duniani waliofika elimu ya juu. Taarifa yake ya mwaka 2024 ilitaja 7 kati ya 100. Hayo ni maendeleo, lakini bado ni mbali sana na wastani wa vijana wote duniani, ambao unapita 40 kati ya 100. Lengo lililowekwa na UNHCR pamoja na washirika wake ni kufikia 15 kati ya 100 ifikapo mwaka 2030.

MAHALI WANAPOKWAMA

Wafadhili wengi hufikiri kikwazo ni ada ya chuo kikuu. Ada ni kikwazo kweli, lakini wengi hukwama kabla ya kuifikia. Njia hii ina milango minne.

Mlango wa kwanza ni sekondari. Nafasi za sekondari kambini ni chache kuliko idadi ya watoto wanaomaliza msingi. Shule ya bweni nje ya kambi inahitaji karo, sare, godoro, sanduku na nauli, na familia inayoishi kwa mgao haina mahali pa kuvitoa.

Mlango wa pili ni nyumbani. Mwaka 2025 mgao wa chakula Kakuma ulipunguzwa vikali kwa sababu fedha za wafadhili wa kimataifa zilipungua. Nyumba inapokosa chakula, mtoto mkubwa ndiye wa kwanza kuacha shule akatafute kibarua. Kwa wasichana mzigo ni mkubwa zaidi: kuteka maji, kutafuta kuni, kulea wadogo, na wakati mwingine kuozwa mapema ili mahari iokoe familia. Msichana anayefika kidato cha nne kambini amepita vikwazo ambavyo cheti chake hakitavionyesha kamwe.

Mlango wa tatu ni karatasi. Hapa ndipo kijana mwenye alama nzuri anapoweza kuanguka kwa jambo dogo. Jina lililoandikwa kwenye kitambulisho cha mkimbizi halifanani na lililo kwenye cheti cha mtihani, kwa kuwa karani mmoja aliandika jina la babu na mwingine akaliacha. Tarehe ya kuzaliwa ni ya kukisia. Cheti cha nchi alikotoka kilibaki katika nyumba iliyochomwa, au kipo lakini kinahitaji kulinganishwa na vyeti vya Kenya. Anayeishi kambini huhitaji kibali ili atoke kwenda kwenye usaili. Akipata chuo nje ya nchi huhitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, nayo huchukua muda, wakati chuo kina tarehe yake ya mwisho isiyongoja mtu.

Mlango wa nne ndio ada na nafasi yenyewe ya chuo. Wachache wanaofika hapo hushindania ufadhili mchache, na mara nyingi maombi hufanywa kwa intaneti, kwa Kiingereza, pamoja na insha ya kujieleza ambayo hakuna aliyewahi kuwafundisha kuiandika.

WALIMU KABLA YA KUWA WANACHUO

Sasa turudi kwenye swali la utumishi. Nani anafundisha katika yale madarasa ya wanafunzi zaidi ya 100? Sehemu kubwa ni wakimbizi wenyewe. Wengi ni vijana waliomaliza kidato cha nne juzi tu, wakaingia darasani wiki chache baadaye wakishika chaki. Hawalipwi mshahara wa mwalimu. Hulipwa posho, ambayo ni ndogo kuliko anacholipwa mwalimu Mkenya kwa kazi inayofanana. Hata hivyo wanafundisha, kwa sababu wasipofundisha wao, wadogo zao watakaa bila mwalimu.

Mmoja wa walioanza hivyo ni Mary Maker. Alikimbia vita akiwa mtoto, kutoka nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, akakulia Kakuma. Baada ya kumaliza sekondari alirudi darasani kama mwalimu. Mwezi Juni 2018 kulifanyika Kakuma mkutano wa hotuba za TEDx, na Mary alisimama kueleza kwa nini msichana mkimbizi lazima asome. Hotuba ile ilisikilizwa duniani kote. Baadaye alipata nafasi katika chuo cha St. Olaf, kilichoko Northfield, jimbo la Minnesota, Marekani, chuo chenye mizizi katika Kanisa la Kilutheri. UNHCR nayo ikamteua kuwa balozi wake mwema.

Jambo tunalotaka kamati zilione ni alichofanya na elimu hiyo. Pamoja na wenzake alianzisha mpango uitwao Elimisha Kakuma, unaowachukua vijana waliomaliza sekondari kambini na kuwaandaa kwa ajili ya chuo: kuandika insha, kufanya mitihani ya kuingilia, kujaza fomu, kutafuta ufadhili. Kwa maneno mengine, alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa tatu na wa nne, ile milango aliyoipita mwenyewe, akaishikilia ili wengine nao wapite. Mtu wa nje angeweza kujenga darasa lingine, na lingekuwa jambo jema. Lakini aliyepita njia ndiye ajuaye penye mwiba.

Mfano mwingine ni Nhial Deng. Alikuwa na umri wa miaka 11 alipokimbia mashambulizi nyumbani kwao Ethiopia mwaka 2010 na kufika Kakuma bila wazazi. Akiwa bado kijana wa kambini alianzisha kikundi cha vijana wa makabila na mataifa mbalimbali kuhimiza amani, katika mahali ambapo ugomvi wa nyumbani huweza kuwafuata watu hadi ugenini. Baadaye alikwenda Kanada kusoma katika chuo cha Huron, mji wa London, Ontario. Mwaka 2023 alishinda Tuzo ya Kimataifa ya Mwanafunzi inayotolewa na Chegg.org, yenye thamani ya dola 100,000 za Marekani. Tuzo hiyo huangalia masomo na pia faida anayoiletea jamii. Utumishi wake ulikuwepo kabla ya chuo na kabla ya tuzo.

Wako pia ambao hawakwenda popote. Katika kambi za Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwaka 2013 ulianza mradi wa vyuo vikuu vya Kenya na Kanada, vikiwemo Kenyatta, Moi na York, wa kuwasomesha walimu wa kambini wakiwa palepale kazini. Mwalimu alifundisha, na masomo yake ya cheti, diploma au shahada akayapata hukohuko. Faida ya elimu ya namna hii haikungoja mahafali. Somo alilojifunza mwalimu huyo wikendi lilifika kwa watoto wake siku ya Jumatatu.

WENGINE WALIVYOJIPANGA

Tunazitaja njia tatu za ufadhili kwa sababu kila moja ina funzo kwa kamati ndogo.

Ya kwanza ni ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 na serikali ya Ujerumani pamoja na UNHCR. Tangu wakati huo umewasomesha wakimbizi zaidi ya 20,000, wengi wao katika vyuo vya nchi ileile walikokimbilia. Kwa Kenya, hii ina maana kwamba mwanafunzi hubaki hapahapa, karibu na familia yake na karibu na jamii inayomhitaji. Kusomesha mkimbizi si lazima kuwe kumsafirisha.

Ya pili ni ya wanafunzi wa Kanada, kupitia shirika la World University Service of Canada. Tangu mwaka 1978 wanafunzi wa vyuo vya huko wamekuwa wakikubali kukatwa kiasi kidogo pamoja na ada zao, na fedha hizo hukusanywa kumleta mkimbizi mmoja au wawili katika chuo chao. Wanafunzi zaidi ya 2,000 wamepata elimu kwa njia hii, wakiwemo wengi kutoka Kakuma na Dadaab. Fedha si yote. Kamati ya wanafunzi humpokea mgeni uwanja wa ndege, humtafutia chumba, humwonyesha duka na benki, na hukaa naye karibu mwaka ule wa kwanza ambao upweke na baridi humwelemea mtu. Funzo lake ni kwamba kidogo cha wengi, kinachotolewa kila mara, hushinda kikubwa cha mtu mmoja kinachotolewa mara moja. Jumuiya zetu ndogondogo zinaujua utaratibu huu kwa muda mrefu.

Ya tatu ni ya Wajesuiti. Mwaka 2010, kwa kushirikiana na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi (JRS), walianza kutoa masomo ya chuo kwa njia ya intaneti ndani ya kambi, Kakuma ikiwa miongoni mwa sehemu za kwanza. Pamoja na diploma, walitoa pia kozi fupi za huduma kwa jamii, ambazo mwanafunzi aliweza kuzitumia mara moja miongoni mwa majirani zake.

JE, WAKIONDOKA?

Ni kweli kwamba wengine huondoka. Tusijidanganye. Lakini kuondoka si lazima kuwe kusahau. Valentino Achak Deng alikuwa mmoja wa wale wavulana wa Sudan. Aliishi Kakuma kwa miaka mingi, akahamia Marekani mwaka 2001 na kuendelea na masomo huko. Mwaka 2006 mwandishi Dave Eggers alichapisha kitabu juu ya maisha yake, na mapato yakatumika kujenga shule ya sekondari katika kijiji alichozaliwa, Marial Bai, ambayo ilianza mwaka 2009. Wengine hawajengi shule. Hutuma fedha kidogo kila mwezi, na fedha hizo humweka mdogo wao darasani. Hilo nalo ni huduma, ingawa haliandikwi magazetini.

Ni kweli pia kwamba milango ya nje inaweza kufungwa ghafla. Mwezi Aprili 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza za wenye pasipoti za Sudan Kusini, na Juni mwaka huohuo ikaweka vizuizi vya kuingia kwa raia wa nchi kadhaa, zikiwemo Somalia na Sudan, na kwa kiasi fulani Burundi. Kijana aliyesoma usiku kwa miaka minne akilenga chuo cha Marekani anaweza kuambiwa hapana kwa sababu isiyohusu alama zake. Kwa sababu hiyo nafasi za hapa nyumbani, katika vyuo vya Afrika Mashariki na vya ufundi, zina thamani kubwa kuliko tulivyodhani.

DENI AMBALO TUSIMDAI

Tumkumbuke Ruthu Mmoabi. Alifika Bethlehemu akiwa mgeni na mjane, akaingia shambani kuokota masuke nyuma ya wavunaji. Boazi alipomfadhili, alimweleza sababu: amesikia yote aliyomtendea mkwewe Naomi (Ruthu 2:11). Huduma ya Ruthu ilitangulia, na msaada ukafuata. Wala Boazi hakumpa masuke kwa mkataba wa kuyarudisha. Aliwaagiza wavunaji wake wayaache yaanguke ili ayaokote kwa heshima.

Tunaona funzo mbili hapa. La kwanza: kamati inapochagua, itazame kijana anatenda nini leo kwa walio karibu naye. Anawafundisha wadogo zake? Anamsomea barua jirani asiyejua kusoma? Anaimba kwaya, anatafsiri zahanatini, anafua nguo za mgonjwa? Huyo hatahitaji kulazimishwa kuhudumia kesho.

La pili: tusigeuze msaada kuwa minyororo. Kijana anayeambiwa kila likizo asimame mbele ya waumini kushukuru, ambaye picha yake inabandikwa mlangoni na historia ya mateso yake inasimuliwa kwa kila mgeni, anajifunza kwamba umaskini wake ndio bidhaa yake. Na yule ambaye baada ya kuhitimu ameamua tu kuwa mhasibu mwaminifu na mzazi mwema, naye amezaa matunda. Tumwalike ahudumu; tusimdai.

KAMATI INAWEZA KUFANYA NINI

1. Anzeni na mlango mliokaribia. Karo ya mwaka mmoja wa sekondari, sare au nauli ya bweni iko ndani ya uwezo wa parokia nyingi. Si lazima mngoje kupata fedha za chuo kikuu.

2. Saidieni karatasi mapema. Mchagueni mwanakamati mmoja, ikiwezekana mwalimu mstaafu au karani wa zamani, akague majina na tarehe kwenye vyeti vyote mwaka mmoja kabla ya maombi ya chuo. Kazi hii haigharimu karibu chochote na huokoa wengi.

3. Ahidini kipindi kizima. Ni afadhali kumsomesha mmoja hadi amalize kuliko kuwaanzisha watano wakaachwa kidato cha pili. Kabla ya kuanza, wekeni akiba ya angalau muhula mmoja.

4. Msiwasahau wenyeji. Mtoto wa Mturkana anayechunga mbuzi karibu na kambi ana njaa ileile. Mfuko unaowasaidia wakimbizi peke yao hupanda mbegu ya chuki. Gawanyeni nafasi kwa uwazi, na vigezo vibandikwe mahali ambapo kila mtu anaweza kuvisoma.

5. Tazameni wasichana kwa jicho la pekee. Taa ya sola, taulo za hedhi, na mazungumzo ya heshima kati ya mama wa parokia na mama wa msichana vinaweza kuzuia kuacha shule kuliko hotuba nyingi.

6. Fungueni nafasi za huduma bila kuzifanya sharti. Masomo ya ziada Jumamosi, maktaba ya parokia, kutafsiri siku ya kliniki: mwacheni kijana achague. Atakapotumika, mpeni nauli na cheti cha utambulisho, kwa kuwa vyuo huuliza ushahidi wa huduma kwa jamii.

7. Toeni taarifa bila kumwanika mtu. Wafadhili wana haki ya kujua fedha zimefanya nini. Waandikieni idadi, madaraja na hesabu. Jina na picha vitumike kwa idhini ya mwanafunzi pekee, na kwa aliye chini ya miaka 18, kwa idhini ya mzazi au mlezi pia.

Ndugu wanakamati, mliuliza jamii inapata nini. Inapata mwalimu wa darasa la tatu ambaye bado hajalipwa ipasavyo. Inapata msichana anayejua fomu ya chuo inajazwaje na anayeweza kumwonyesha mwingine. Inapata jirani ambaye hakutazamwa kama mzigo, na kwa hiyo hakujifunza kuwatazama wengine hivyo. Maandiko yanatuagiza kumtendea mgeni kama mzaliwa wa nchi (Walawi 19:34), na wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Karo ya muhula ujao inangojewa Januari. Tunaziomba kamati zilizoweka jambo hili kwenye ajenda ya mwisho wa mwaka zilijadili mapema, kabla shule hazijafunguliwa.